John Logie Baird: Mtu Aliyeonyesha Picha Zinazosafiri Hewani

Umekwisha kujifunza jinsi sauti inavyogeuzwa kuwa umeme na kupelekwa mbali kwa mawimbi ya redio. Sasa fikiri juu ya kijiji kama Nangwa, katika Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara. Mtu aliyeketi pale jioni huweza kusikia taarifa ya habari inayosomwa Dar es Salaam, ingawa hakuna waya unaounganisha redio yake na chumba cha msomaji. Katika nyumba yenye televisheni huweza pia kuuona uso wa msomaji huyo. Sauti hufika kidogo kidogo, neno baada ya neno. Lakini uso una macho, pua, mdomo, mwanga na vivuli, na vyote huonekana kwa wakati mmoja. Je, vitu vyote hivyo hupitaje hewani bila kuchanganyika?

Swali hili liliwashughulisha wataalamu wengi kwa miaka mingi. Mmoja wa wale waliolijibu kwa vitendo alikuwa mtu maskini, tena mgonjwa wa mara kwa mara, aitwaye John Logie Baird. Soma habari zake kwa makini. Ndani yake utapata elimu ya sayansi, na pia utaona jinsi mtu wa sayansi anavyopimwa siku ile kazi yake inaposhindwa.

Utoto wake

Baird alizaliwa mwezi Agosti mwaka 1888 katika mji mdogo wa Helensburgh, pwani ya magharibi ya Uskoti, sehemu ya kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. John alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto wanne. Mwili wake ulikuwa dhaifu, na baridi ya nchi ile ilimletea maradhi tangu utoto.

Hata hivyo, mikono yake haikutulia. Alipokuwa bado mwanafunzi alitengeneza simu, akatandika nyaya juu ya barabara kutoka chumbani mwake hadi kwenye nyumba za rafiki zake. Usiku mmoja wa tufani waya mmoja ulilegea, ukamnasa mwendeshaji wa gari la farasi na kumwangusha chini. Huo ukawa mwisho wa simu zile. Kijana hakukata tamaa. Alitengeneza mtambo mdogo wa kuzalisha umeme, akaitia nyumba ya baba yake taa za umeme.

Kazi nyingi na maradhi mengi

Baadaye Baird alisoma ufundi wa umeme katika mji wa Glasgow. Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914, ilikatiza masomo yake. Alitaka kuingia jeshini, lakini madaktari walimkataa kwa sababu ya afya yake. Alipata kazi katika kampuni ya umeme. Huko alijaribu kutengeneza almasi kwa kupitisha umeme mwingi ndani ya kaboni. Almasi hazikupatikana. Kilichopatikana ni giza, kwani jaribio lile lilikata umeme katika sehemu ya mji.

Aliacha kazi hiyo akaingia katika biashara. Aliuza soksi za kuzuia baridi ya miguu, akapata faida. Mwaka 1919 alisafiri hadi kisiwa cha Trinidad, karibu na Amerika ya Kusini, akapika jamu kwa matunda ya huko. Wadudu walivutwa na harufu ya sukari, wakaingia ndani ya masufuria kwa wingi. Biashara ikafa. Alirudi Uingereza akauza sabuni, lakini maradhi yakamrudia. Mwaka 1923 alihamia Hastings, mji wa pwani ya kusini, ili apate hewa nzuri. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 34, hana kazi, na fedha zake zilikuwa zimekaribia kwisha. Ndipo alipoamua kujenga televisheni.

Jinsi picha inavyosafiri

Kabla hujaendelea, ni lazima uelewe siri ya kazi yake. Picha nzima haiwezi kupita katika waya au wimbi kwa mara moja. Lazima ikatwe vipande vidogo vidogo, kila kipande kipelekwe peke yake, kisha vipande vyote vipangwe tena upande wa pili kwa utaratibu ule ule. Haba na haba hujaza kibaba.

Wazo hili halikuanza na Baird. Mwaka 1884 mwanafunzi wa Kijerumani, Paul Nipkow, alikuwa amebuni njia ya kukata picha. Alifikiria sahani ya duara yenye matundu madogo yaliyopangwa kwa mzunguko kama gamba la konokono. Sahani hiyo ikizungushwa mbele ya kitu chenye mwanga, kila tundu hupita juu ya sehemu yake na kuacha mstari mmoja tu wa mwanga upenye. Tundu la kwanza huonyesha mstari wa kwanza, la pili mstari wa pili, na hivyo hivyo hadi picha imalizike.

Nyuma ya sahani huwekwa chombo kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Mwanga ukiwa mkali, umeme huwa mwingi. Mwanga ukiwa hafifu, umeme huwa kidogo. Umeme huo hupelekwa hadi kwenye mtambo wa kupokelea, ambako huwasha taa. Mbele ya taa hiyo huzunguka sahani ya pili, iliyo sawa na ile ya kwanza. Taa hung'aa na kufifia, na sahani huipanga nuru yake mstari kwa mstari.

Lakini kwa nini mtazamaji huona picha nzima, wala haoni nukta moja ya nuru inayokimbia? Huenda umewahi kuona kijinga cha moto kikizungushwa gizani usiku. Jicho halikuona kijinga kimoja tu, bali liliona duara zima la moto. Sababu ni kwamba alama ya nuru hubaki kwa muda mfupi sana baada ya nuru yenyewe kuondoka. Televisheni hutumia tabia hiyo ya macho yetu.

Mtambo wa vitu vya kuokoteza

Baird hakuwa na fedha za kununua vyombo vya maabara. Alichukua sanduku la kupakia majani ya chai, boksi la kofia, mkasi, sindano za kushonea soksi, vioo vya taa za baiskeli, lakiri na gundi. Kwa vitu hivyo alijenga mtambo wake wa kwanza. Mwaka 1924 aliweza kupeleka kivuli cha kitu kutoka upande mmoja wa chumba hadi upande mwingine.

Mwezi Julai mwaka huo alishika waya zenye umeme wa volti 1,000. Alitupwa chini na mkono wake ukaungua. Ilikuwa bahati kubwa kwamba hakufa. Zingatia jambo hili: umeme hauchagui mjinga wala mtaalamu. Mwenye nyumba alimtaka aondoke, naye akahamia London, katika vyumba vidogo vya juu mtaani Frith.

Huko alihangaika mwaka mzima. Vivuli vilionekana, lakini uso wa mtu ulionekana kama doa jeupe. Taa zilizohitajika zilikuwa kali mno hata mtu hakuweza kukaa mbele yake kwa muda mrefu. Kwa hiyo Baird alitumia kichwa cha mwanasesere alichokiita Stooky Bill. Tarehe 2 Oktoba, 1925, kichwa kile kilionekana vizuri katika mtambo wa kupokelea, macho, pua na mdomo, chenye sehemu za mwanga na sehemu za kivuli.

Baird alishuka ngazi mbio, akamkuta kijana wa ofisi ya chini aitwaye William Taynton, akamwomba aje kukaa mbele ya mtambo. Baird alipokwenda kutazama hakuona kitu. Kumbe kijana alikuwa amerudi nyuma kwa sababu ya joto la taa. Alipewa fedha kidogo, akakubali kusogea tena. Mara uso wake ukaonekana. Taynton akawa mtu wa kwanza ambaye uso wake ulionyeshwa kwa mtambo huo wa Baird.

Tarehe 26 Januari, 1926, wapatao 40 wa chama cha wanasayansi kiitwacho Royal Institution, pamoja na mwandishi wa gazeti, walipanda ngazi zile kwa makundi madogo. Waliona picha ndogo inayotikisika, yenye mistari 30 tu. Hata hivyo ilikuwa picha ya mtu hai, anayetembeza midomo na macho. Hilo ndilo onyesho la kwanza la hadhara la televisheni ya kweli. Mwaka 1927 Baird alipeleka picha kwa waya wa simu kutoka London hadi Glasgow, mwendo wa kilometa zaidi ya 700. Mwaka 1928 picha zake zilivuka bahari kwa mawimbi ya redio hadi karibu na New York, Marekani. Na mwaka huo huo alionyesha picha za rangi.

Mtambo wake washindwa

Sasa soma sehemu iliyo ngumu kuliko zote. Wakati Baird akiboresha sahani zake, wataalamu wengine walikuwa wakitafuta njia isiyohitaji kitu chochote kinachozunguka. Huko Marekani kijana Philo Farnsworth alipeleka picha kwa njia ya elektroni mwaka 1927. Elektroni ni chembe ndogo mno za umeme, nazo huweza kukimbia juu ya kioo upesi kuliko sahani yoyote.

Mwezi Novemba mwaka 1936 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza matangazo ya televisheni huko London kwa kulinganisha mitambo miwili kwa zamu. Mtambo wa Baird ulitoa picha ya mistari 240. Ule wa kampuni ya Marconi-EMI, uliotumia elektroni, ulitoa mistari 405, na kamera zake ziliweza kusogezwa kwa urahisi. Tarehe 30 Novemba jengo kubwa la Crystal Palace, mlimokuwa na maabara za Baird, liliteketea kwa moto. Mwaka 1937 BBC iliacha kabisa kuutumia mtambo wa Baird.

Je, ungekuwa wewe ungefanya nini? Mtu mwingine angekaa chini na kulalamika, au angeshikilia mtambo wake kwa ukaidi. Baird aliukubali ushahidi wa jaribio. Aliendelea na utafiti nyumbani, akitumia fedha zake mwenyewe, na safari hii alitumia elektroni. Mwaka 1944 alionyesha chombo cha kioo kinachotoa picha za rangi bila sahani inayozunguka. Alifariki tarehe 14 Juni, 1946, akiwa na umri wa miaka 57, akazikwa Helensburgh. Hakuishi kuiona nchi yake ya Uskoti ikianza kupata matangazo ya kawaida ya televisheni mwaka 1952.

Redio na televisheni katika nchi yetu

Katika Tanganyika, utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Redio ilileta manufaa makubwa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi vya redio na kujadili njia za kujikinga na maradhi. Zanzibar ilianzisha kituo chake cha televisheni mwaka 1973, nacho kilionyesha picha za rangi. Tanzania Bara ilipata vituo vya televisheni kuanzia mwaka 1994.

Mawimbi yanayochukua televisheni husafiri karibu sawasawa kama mwanga wa tochi. Mlima mkubwa kama Hanang, wenye urefu wa zaidi ya meta 3,400, huweza kuyazuia. Ndiyo sababu minara ya matangazo hujengwa mahali pa juu, na nyumba nyingi za vijijini hutumia dishi lililoelekezwa kwenye setilaiti angani.

Jaribio: Kupeleka picha kwa sauti

1. Wewe na mwenzako, kila mmoja achore mraba na kuugawa katika visanduku 100, yaani mistari 10 yenye visanduku 10.
2. Katika mraba wako chora herufi kubwa kwa kujaza visanduku kwa penseli. Mwenzako asiione.
3. Simameni mbali kidogo. Soma kisanduku kimoja kimoja, kuanzia kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari. Sema "nyeusi" au "nyeupe". Mwenzako ajaze kama anavyosikia.
4. Linganisheni picha zenu.
5. Rudieni, lakini safari hii mwenzako aruke kisanduku kimoja kwa makusudi. Tazameni jinsi picha inavyopotoka.

Wewe ulikuwa kituo cha kurushia, sauti yako ilikuwa wimbi, na mwenzako alikuwa mtambo wa kupokelea.

Maswali

1. Kwa nini picha hukatwa vipande kabla ya kupelekwa mbali?
2. Sahani mbili za Baird zilipaswa kuzunguka kwa mwendo ulio sawa. Eleza sababu, ukitumia hatua ya 5 ya jaribio lako.
3. Picha ya mistari 405 ni bora kuliko ya mistari 30. Kwa nini?
4. Taja vitu vitano ambavyo Baird alivitumia kujengea mtambo wake wa kwanza. Je, nyumbani kwenu kuna vitu gani vilivyoachwa ambavyo vingeweza kukusaidia kutengeneza chombo cha kujifunzia?
5. Mtambo wa Baird uliachwa mwaka 1937. Je, kazi yake ilikuwa bure? Jadilini darasani, na kila mmoja atoe sababu zake.