Coco Chanel: Yatima aliyewapunguzia wanawake uzito wa nguo

Na Mwandishi Wetu

MWANZONI mwa karne ya 20, mwanamke wa tabaka la juu aliyekwenda kupumzika katika fukwe za kaskazini mwa Ufaransa wakati wa kiangazi hakupunguza nguo kwa sababu ya jua. Wengi wao walivaa, chini ya magauni marefu, vibana kiuno vilivyokazwa kwa kamba na kuimarishwa kwa vipande vya chuma au mfupa wa nyangumi. Kichwani walibeba kofia pana zilizojaa manyoya ya ndege, maua na matunda ya bandia. Kuvaa na kuvua kulihitaji msaada wa mtumishi.

Mwaka 1913, katika mji wa Deauville uliokuwa kimbilio la matajiri wakati wa joto, lilifunguliwa duka dogo lililouza kitu tofauti. Humo mlikuwa na kofia zisizo na mapambo mengi, sweta laini, sketi nyoofu na blauzi zilizofanana na mavazi ya mabaharia. Mwenye duka alikuwa Gabrielle Chanel, ambaye mwaka huo alitimiza umri wa miaka 30. Dunia ilikuja kumfahamu kwa jina la Coco.

Leo jina lake hutajwa pamoja na manukato na mikoba ya bei ghali. Hata hivyo, safari yake ilianza kwa sindano, mkasi na nguo ambazo tayari zilikuwapo. Ni safari ya fundi mwenye kipaji cha nadra, na pia ya mwanadamu aliyefanya mambo ambayo historia haijayasamehe.

Chanel alizaliwa Agosti 19, 1883 katika mji wa Saumur, magharibi mwa Ufaransa. Mama yake, Jeanne Devolle, alikuwa mfuaji nguo, na baba yake, Albert, alikuwa mchuuzi aliyezunguka kutoka mji mmoja hadi mwingine akiuza bidhaa ndogo ndogo. Jina la ukoo liliandikwa kimakosa katika daftari la vizazi, likawa Chasnel.

Mwaka 1895, Gabrielle akiwa na umri wa miaka 11, mama yake alifariki dunia. Baba aliwatawanya watoto wake. Kwa mujibu wa waandishi wengi wa maisha yake, Gabrielle na dada zake walipelekwa katika kituo cha yatima kilichokuwa chini ya watawa wa Kikatoliki huko Aubazine, katikati ya Ufaransa. Maisha ya hapo yalikuwa ya sala, kazi na nidhamu kali. Wasichana walifundishwa kushona, kukunja pindo na kutia viraka, ili watakapoondoka wawe na kazi ya kuwapatia riziki.

Baadaye, Chanel aliificha sehemu hiyo ya maisha yake. Alipokuwa tajiri aliwasimulia watu kuhusu mashangazi waliomlea, wala hakukitaja kituo cha yatima. Ajabu ni kwamba kile alichokiona huko, yaani nguo nyeusi na nyeupe za watawa, mishono iliyonyooka na usafi usio na mapambo, wachambuzi wengi wanaamini ndicho kilichojitokeza katika mavazi yake kwa miaka yote.

Alipofikisha miaka 18 alihamia mji wa Moulins, ambako aliajiriwa dukani kama mshonaji. Jioni aliimba katika ukumbi uliokuwa ukitembelewa na maofisa wa jeshi, na huko ndiko alikopata jina la Coco. Sauti yake haikumfikisha mbali. Mkono wake ndio uliomtoa.

Kofia za bei nafuu

Akiwa Moulins alikutana na Étienne Balsan, kijana tajiri na mfugaji wa farasi wa mashindano, ambaye alimkaribisha katika jumba lake karibu na mji wa Compiègne. Chanel hakuwa na fedha za kushindana kwa magauni na wanawake waliofika pale. Alichofanya ni kwenda kinyume nao. Alivaa shati jeupe, tai na koti la kiume lililopunguzwa likamkaa, na kichwani akaweka kofia aliyoitengeneza mwenyewe.

Kofia hizo zilikuwa somo la uchumi wa fundi. Alinunua kofia tupu za nyasi zilizosukwa katika duka kubwa la Galeries Lafayette mjini Paris, kisha akazipamba kwa mkono wake, pengine kwa utepe mmoja tu. Kilichokuwa kofia ya kawaida kiligeuka kuwa kitu ambacho wanawake wenye fedha walikitamani. Walianza kumwagiza.

Mwaka 1910, kwa msaada wa fedha za Mwingereza Arthur Capel, aliyekuwa mpenzi wake, alifungua duka la kofia katika jengo namba 21, mtaa wa Rue Cambon, Paris. Mwaka 1912, mwigizaji maarufu Gabrielle Dorziat alivaa kofia zake jukwaani, na wateja wakaongezeka.

Sweta lililokatwa kifuani

Mwaka uliofuata Capel alimsaidia kufungua duka la Deauville. Kwa simulizi la Chanel mwenyewe, biashara ya nguo ilianza siku moja ya baridi, alipochukua sweta kuukuu na kulikata kifuani kutoka juu hadi chini, kwa kuwa hakutaka kulivaa kwa kulipitisha kichwani. Alizizungushia kingo zake utepe, akaongeza ukosi, akalifunga kwa fundo. Watu wakamuuliza alikolinunua, naye akaanza kuyauza.

Kama kila simulizi lililotoka kwake, hilo nalo linahitaji kupokelewa kwa tahadhari. Lakini linaonyesha vyema namna alivyofanya kazi. Hakuanza na karatasi ya michoro, na hakuwa mchoraji. Alianza na vazi lililopo, akajiuliza linambana wapi mvaaji, kisha akaondoa kinachombana.

Kitambaa alichokipenda kilikuwa jezi, kilichofumwa kwa mashine na kinachovutika. Wakati huo kilitumika zaidi kutengenezea nguo za ndani za wanaume. Mafundi wa mitindo walikidharau kwa sababu kilikuwa cha bei ndogo na kigumu kukikata. Kikikunjwa mno huharibika umbo, na hakivumilii mishono mingi ya kubana. Chanel aliigeuza kasoro hiyo kuwa mtindo. Kwa kuwa kitambaa hakikubali mbwembwe, alishona nguo nyoofu zilizoning'inia kutoka mabegani, kiuno kikiwa huru na pindo likipanda juu ya kifundo cha mguu.

Ni kweli kwamba hakuwa wa kwanza kukipinga kibana kiuno. Mbunifu Paul Poiret alikwishakiacha miaka kadhaa kabla yake. Tofauti ni kwamba nguo za Poiret zilikuwa za fahari na maonyesho, wakati za Chanel mtu aliweza kutembea nazo, kuendesha baiskeli, kukaa mchangani na kujivalisha bila msaada.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, familia nyingi tajiri zilikimbilia Deauville. Wanawake waliofika bila masanduku yao, na baadhi yao wakajitolea hospitalini, walihitaji nguo rahisi. Duka la Chanel lilikuwa tayari. Mwaka 1915 alifungua jingine Biarritz, karibu na mpaka wa Hispania, na mwaka 1916 alinunua shehena ya jezi kutoka kwa mtengenezaji Rodier. Kutokana na faida hiyo alimrejeshea Capel fedha zake. Capel alifariki katika ajali ya gari Desemba 1919, pigo ambalo lilimwumiza Chanel kwa muda mrefu.

Miaka ya 1920 ilimpandisha kileleni. Alikata nywele zake zikawa fupi, akavaa suruali pana za kibaharia ufukweni, na ngozi iliyochomwa na jua, ambayo awali ilihesabiwa kuwa alama ya kibarua wa shambani, ikawa fahari ya waliotoka likizo. Wengi humtaja kuwa miongoni mwa waliochangia mabadiliko hayo. Mwaka 1921 alitoa manukato ya Namba 5, yaliyotengenezwa na Ernest Beaux. Mwaka 1926 jarida la Vogue la Marekani lilichapisha mchoro wa gauni lake fupi jeusi na kulilinganisha na gari la Ford, kwa maana ya kitu kinachoweza kuvaliwa na kila mtu.

Wepesi huo haukumaanisha kuachana na kazi za mikono. Mwaka 1921 binti wa ukoo wa kifalme wa Urusi, Maria Pavlovna, aliyekuwa ukimbizini Paris baada ya mapinduzi, alianzisha karakana ya kutarizi iliyoitwa Kitmir na kumfanyia Chanel kazi. Wakimbizi wa Kirusi walizijaza blauzi zake nakshi za asili ya kwao. Chanel alichanganya pia lulu za kweli na za bandia bila aibu, akiamini pambo ni kwa ajili ya kupendeza, si kwa ajili ya kutangaza mali.

Mafundi wafungiwa nje

Upande mwingine wa maisha yake hauna mng'aro huo. Mwanamke aliyelelewa kwa sindano aligeuka kuwa mwajiri mgumu kwa wanawake wa sindano. Mwaka 1936, wakati wa wimbi la migomo lililoikumba Ufaransa, washonaji wake waligoma na kumzuia kuingia katika jengo lake mwenyewe. Hakulisahau jambo hilo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, alifunga karakana zake na kuwaacha maelfu bila kazi, akabakiza mauzo ya manukato. Wapo waandishi wanaoamini kwamba vita vilikuwa kisingizio cha kulipiza kisasi.

Paris ilipokaliwa na majeshi ya Ujerumani, Chanel aliishi katika hoteli ya Ritz na akawa na uhusiano wa kimapenzi na Hans Günther von Dincklage, ofisa wa ujasusi wa Kijerumani. Mwaka 1941 alijaribu kutumia sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi kunyang'anya hisa za familia ya Wertheimer, washirika wake katika kampuni ya manukato tangu mwaka 1924. Jaribio hilo lilishindikana, kwa kuwa familia hiyo, kabla ya kukimbilia Marekani, ilikuwa imekabidhi hisa zake kwa Mfaransa asiye Myahudi, Félix Amiot. Nyaraka za kumbukumbu zilizowekwa wazi miaka mingi baadaye zilionyesha kuwa Chanel aliorodheshwa katika idara ya ujasusi ya Ujerumani kwa namba na jina la siri.

Baada ya Paris kukombolewa mwaka 1944, alihojiwa na kuachiwa. Wanawake wengine wa Kifaransa walionyolewa nywele hadharani kwa makosa kama hayo hawakuwa na bahati hiyo. Yeye alihamia Uswisi na kukaa huko miaka kadhaa.

Arejea akiwa na miaka 70

Februari 5, 1954 alirejea jukwaani. Wakati huo Christian Dior na wenzake walikuwa wamevirudisha viuno vya kubanwa na sketi nzito. Magazeti ya Ufaransa yaliyabeza mavazi yake, lakini wanawake wa Marekani waliyanunua. Aliyegharimia kurejea huko alikuwa Pierre Wertheimer, wa familia ileile aliyojaribu kuipokonya mali.

Koti la sufu alilolishona kipindi hicho ndilo linaloonyesha ufundi wake kwa ukamilifu. Bitana ya hariri ilishonewa moja kwa moja kwenye kitambaa kwa mistari mingi, ili koti lisihitaji vitu vigumu vya kulisimamisha. Mnyororo mwembamba ulishonewa ndani ya pindo ili koti litulie mwilini. Mkono uliunganishwa juu, karibu na kwapa, ili mvaaji ainue mkono bila koti zima kupanda. Mifuko ilikuwa ya kutiwa vitu, si pambo. Chanel alipiga magoti mbele ya mwanamitindo akiwa na pini na mkasi, akaufumua mkono uliokwisha kushonwa na kuuweka upya, mara nyingi, hadi aridhike.

Alifariki dunia Januari 10, 1971 katika hoteli ya Ritz akiwa na umri wa miaka 87, huku akiandaa mavazi ya machipuko na kiangazi yaliyoonyeshwa wiki mbili baadaye bila yeye. Alizikwa Lausanne, Uswisi.

Kampuni yenye jina lake baadaye ilizinunua karakana za kale za kazi za mikono zilizokuwa hatarini kutoweka, zikiwamo Desrues ya vifungo mwaka 1985, Lemarié ya manyoya mwaka 1996 na Lesage ya kutarizi mwaka 2002. Desemba 2022, maonyesho ya kila mwaka ya kuenzi mafundi hao yalifanyika Dakar, Senegal, katika jengo lililokuwa mahakama.

Urithi wa Chanel kwa hiyo una pande mbili, na haifai upande mmoja kuufuta mwingine. Matendo yake wakati wa vita hayawezi kufunikwa kwa hariri. Wakati huohuo, kila mwanamke anayetoka nyumbani siku ya joto akiwa na suruali pana, fulana ya mistari na kofia ya nyasi, mikono yake ikiwa huru, amevaa sehemu ya kazi ya yatima huyo. Na anayemkabidhi fundi koti la zamani ili alifumue na kulishona upya kwa msimu mwingine, anafanya kile kile Chanel alichokifanya kabla hajawa na jina.