Robert Koch

Robert Koch (Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria kutoka nchini Ujerumani. Alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1905. Sehemu ya utafiti wake aliifanya katika milima ya Usambara, pamoja na Amani, katika wilaya ya Muheza ya leo.

Maisha

Koch alizaliwa katika mji wa machimbo, ambako baba yake alikuwa ofisa wa migodi. Alihitimu udaktari huko Göttingen mwaka 1866. Mwaka 1876, akiwa daktari wa wilaya, alionyesha kwamba kimeta husababishwa na bakteria. Tangu 1880 alifanya kazi Berlin.

Magonjwa ya miji ya viwanda

Wakati huo watu wengi walihama mashamba kwenda kutafuta kazi viwandani. Mijini walibanana katika vyumba vidogo visivyopata hewa wala jua. Kifua kikuu kilisababisha takriban kifo 1 kati ya 7, na wengi waliamini kuwa ni ugonjwa wa kurithi. Tarehe 24 Machi 1882 Koch alitangaza kwamba ameona bakteria wanaouleta. Mwaka 1890 alitangaza dawa yake, tuberkulini, lakini haikuponya. Baadaye ilifaa kwa kupima ugonjwa tu.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg. Mji huo ulisambaza maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji jirani, ulitumia mto huohuo lakini uliyachuja kwa mchanga, nao uliathirika kidogo sana. Koch, aliyetumwa na serikali, alionyesha kwamba tofauti ilitokana na maji. Mwaka uliofuata Hamburg ilianza kuchuja maji yake.

Usambara na Amani

Katika miaka 1897–1898 Koch alichunguza malaria katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Aliandika kwamba wenyeji wa milima ya Usambara waliposhuka tambarare na kuugua homa, waliiita kwa jina la mbu, kwa kuwa waliumwa na wadudu hao huko. Hivyo wenyeji walikuwa wamehusisha homa na mbu kabla ya watafiti kufika kwao.

Mwaka 1906 alirudi, akafanya utafiti Amani kabla ya kwenda Ziwa Viktoria. Katika visiwa vya Ssese, Uganda, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Alipoongeza kipimo, baadhi yao walipofuka kabisa.

Urithi

Kazi yake iliwapa viongozi wa miji sababu ya wazi ya kugharamia maji safi, mifereji ya majitaka na nyumba bora. Tarehe 24 Machi huadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Kifua Kikuu Duniani.