Edgar Allan Poe: alifungua njia ya hadithi za upelelezi, akafa maskini

Kila tarehe 7 mwezi wa kumi, wapenzi wa hadithi za upelelezi na za kutisha wanakumbuka kifo cha Mmarekani Edgar Allan Poe. Alifariki mwaka 1849 katika mji wa Baltimore, akiwa na miaka 40 tu. Hapa kwetu, wengi waliosoma hadithi zake walizisoma katika Kifaransa, shukrani kwa mshairi Charles Baudelaire aliyezitafsiri. Lakini maisha ya mtu mwenyewe hayajulikani sana.

Poe alikuwa mmoja wa Wamarekani wa kwanza kujaribu kuishi kwa kalamu peke yake. Hakuwa na mali ya ukoo, wala cheo serikalini, wala kazi nyingine ya kumlisha. Wasomaji hawakumkosa. Shida yake ilikuwa nyingine: pesa waliyolipa wasomaji haikufika mkononi mwake.

Yatima katika nyumba ya tajiri

Poe alizaliwa tarehe 19 mwezi wa kwanza mwaka 1809 katika mji wa Boston. Baba na mama walikuwa waigizaji wa tiyatri. Baba aliacha familia, na mama akafariki mwezi wa kumi na mbili mwaka 1811 huko Richmond, mtoto akiwa hajatimiza miaka mitatu. Mfanyabiashara mmoja wa Richmond, John Allan, alimchukua nyumbani kwake pamoja na mke wake. Ndipo jina la Allan likaingia katikati ya majina yake. Hata hivyo, mzee huyo hakumfanya kamwe kuwa mtoto wake mbele ya sheria.

Mwaka 1826 kijana aliingia Chuo Kikuu cha Virginia. Pesa aliyopewa haikutosha masomo, naye akajaribu kuitafuta kwa kucheza kamari. Akaangukia katika deni la karibu dola 2.000. Allan alikataa kulipa, na kijana akaacha masomo kabla ya mwaka kuisha. Wawili hao waligombana, wakapatana, wakagombana tena. Allan alipofariki mwaka 1834, tajiri mkubwa, hakumwachia Edgar hata senti moja.

Vitabu vitatu ambavyo havikumlisha

Mwaka 1827, akiwa na miaka 18, Poe alichapisha kitabu chake cha kwanza cha mashairi huko Boston. Kilikuwa kitabu kidogo, na jina lake halikuandikwa juu yake. Inasemekana zilichapwa nakala 50 hivi. Hakuna aliyekishughulikia. Leo zinajulikana nakala 12 tu duniani, na moja kati yake iliuzwa katika mnada mwaka 2009 kwa zaidi ya dola 600.000. Mwenyewe hakupata kitu.

Mwaka huohuo njaa ilimsukuma kuingia jeshi kwa jina la uongo. Baadaye alikubaliwa katika West Point, shule ya maofisa wa jeshi, lakini akafukuzwa mwaka 1831 kwa kuacha kazi na kutotii amri. Kabla ya kuondoka, wanafunzi wenzake walichanga pesa ili achapishe kitabu chake cha tatu. Walitumaini kusoma mashairi ya kuwachekesha, yanayowasema wakubwa wao. Walipokipata hawakufurahi.

Poe alikuwa amejifunza jambo moja: mashairi hayaleti chakula mezani. Alikwenda kuishi Baltimore kwa shangazi yake Maria Clemm, mjane maskini, akaanza kuandika hadithi fupi. Mwaka 1833 gazeti moja la mji huo lilitoa zawadi ya dola 50 kwa hadithi bora, naye akaipata. Mmoja wa waamuzi, mwandishi John Pendleton Kennedy, alimsaidia kwa nguo na chakula, kisha akampendekeza kwa mwenye gazeti moja la Richmond. Ndipo Poe akaanza kazi ya uhariri. Mwaka 1836 alimwoa Virginia, mtoto wa shangazi yake, aliyekuwa na miaka 13 tu. Tangu hapo watu watatu waliishi kwa kalamu moja: yeye, Virginia na shangazi.

Gazeti linanona, mwandishi anakonda

Alipotaka kukusanya hadithi zake katika kitabu, wachapishaji wakubwa wa New York walimkatalia. Walimwambia kwamba wasomaji wanataka hadithi moja ndefu, si mkusanyo wa vipande vifupi. Poe akatii, akaandika riwaya ya safari za baharini iliyotoka mwaka 1838. Haikumtoa katika shida. Mwaka uliofuata wachapishaji wa Philadelphia walikubali mwishowe kutoa mkusanyo wa hadithi zake 25, katika vitabu viwili, nakala 750. Mapatano yalikuwa haya: faida yote ni ya wachapishaji, mwandishi anapewa nakala chache tu za kugawia marafiki. Alipoomba mwaka 1841 watoe chapa ya pili, walikataa, kwa sababu ile ya kwanza haikuwa imeisha.

Wakati huo alikuwa mhariri wa gazeti la kila mwezi la George Graham, huko Philadelphia, kwa mshahara wa dola 800 kwa mwaka. Humo, mwezi wa nne mwaka 1841, alitoa hadithi ambayo Wafaransa wanaiita Double assassinat dans la rue Morgue. Wanawake wawili wanauawa katika chumba kilichofungwa, polisi wanashindwa, na mtu mmoja aitwaye Dupin anafumbua fumbo kwa kutumia akili tu. Wataalamu wengi wanaihesabu kuwa hadithi ya kwanza ya upelelezi ya kisasa. Sherlock Holmes na wapelelezi wengine tunaowajua walifuata nyuma ya Dupin, na Arthur Conan Doyle mwenyewe alikiri deni hilo.

Gazeti lilikua haraka. Lilianza na wasomaji elfu chache, likapita elfu thelathini. Mwenye gazeti akatajirika. Mhariri alibaki na mshahara wake uleule, na mwaka 1842 akaacha kazi.

Mwaka 1843 alipata bahati. Gazeti moja la Philadelphia lilitangaza zawadi ya dola 100, na hadithi yake kuhusu hazina iliyofichwa na barua ya siri, Le Scarabée d'or, ikashinda. Ilichapwa na kuchapwa tena kila mahali. Poe mwenyewe alikadiria kwamba nakala laki tatu zilizunguka. Lakini mkononi mwake zilibaki dola 100 zilezile. Mwaka uliofuata, alipohamia New York na mke wake mgonjwa, walibaki na dola nne na nusu tu.

Sheria iliyompendelea mgeni bila kumlipa

Kwa nini hali ilikuwa hivyo? Poe alipenda pombe, na pombe ilimharibia kazi zaidi ya mara moja. Tena alikuwa na ulimi mkali. Aliwashambulia waandishi wenzake magazetini, hata mshairi mpendwa Longfellow alimshtaki kwamba anaiba kazi za wengine. Namna hiyo alijiongezea maadui pale alipohitaji marafiki.

Lakini ugonjwa mkubwa ulikuwa katika sheria. Tangu mwaka 1790, sheria ya Marekani ya haki ya mwandishi ililinda wandani tu. Kitabu cha Mwingereza kilichofika kwa meli, mchapishaji wa New York au Philadelphia aliweza kukichapa bila kumlipa mtu. Basi kwa nini amlipe Mmarekani asiyejulikana, wakati kazi za Charles Dickens anazipata bure? Hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 1891, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo cha Poe.

Magazeti nayo yalikuwa na desturi ya kunakiliana. Hadithi ililipwa mara moja tu, na gazeti la kwanza. Mengine yote yalichukua bure. Ulaya pia ilikuwa vilevile. Mwaka 1840 gazeti moja la London lilichapa hadithi yake bila kuandika jina lake. Mwaka 1846 ikawa kichekesho kamili: magazeti mawili ya Paris yalitoa ile hadithi ya Dupin katika Kifaransa, kila moja kwa namna yake, bila kumtaja Poe. Mmoja wa watafsiri aliposhutumiwa kwamba amemwibia mwenzake, akajitetea kwamba amechukua kwa Mmarekani, kisha akapeleka jambo hilo mahakamani. Wafaransa wakabishana mbele ya hakimu juu ya kazi ya Poe, na Poe mwenyewe, ng'ambo ya bahari, alikuwa anatafuta kodi ya nyumba.

Shairi lililojulikana kuliko tumbo la mwenyewe

Tarehe 29 mwezi wa kwanza mwaka 1845, gazeti la New York lilitoa shairi lake kuhusu kunguru anayeingia usiku katika chumba cha mtu mwenye majonzi. Wafaransa wanaliita Le Corbeau. Kwa majuma machache tu, jina la Poe likawa midomoni mwa watu. Watoto walimfuata barabarani wakiigiza kunguru. Magazeti yalilichapa shairi kutoka mji hadi mji. Yeye alilipwa dola ambazo hazikufika ishirini.

Tangu mwaka 1840 Poe alikuwa ameona dawa moja: kuwa na gazeti lake mwenyewe. Mwandishi achague, achape, auze, na pesa ya msomaji ifike kwake moja kwa moja. Alitangaza mpango huo, akatafuta wasomaji wa kulipia mapema, akakosa mtaji. Mwezi wa kumi mwaka 1845 alinunua gazeti dogo la New York kwa pesa ya kukopa. Alihariri, aliandika na kukimbizana na madeni peke yake. Tarehe 3 mwezi wa kwanza mwaka 1846 likafungwa. Lilidumu mikononi mwake chini ya miezi mitatu.

Virginia alikuwa anaugua kifua kikuu tangu mwaka 1842. Familia ilihamia katika nyumba ndogo huko Fordham, nje ya New York. Mgeni mmoja aliyewatembelea alimkuta mke amelala juu ya godoro la majani, amefunikwa koti la mume wake, na paka amelala kifuani kumtia joto. Magazeti yakatangaza umaskini wao, jambo lililomwuma sana mwanamume huyo mwenye kiburi. Virginia alifariki tarehe 30 mwezi wa kwanza mwaka 1847, akiwa na miaka 24.

Safari ya mwisho

Poe hakuacha ndoto ya gazeti lake. Mwaka 1849 kijana mmoja wa jimbo la Illinois alikubali kutoa mtaji. Poe akaenda Richmond kutoa mihadhara na kutafuta wasomaji wa kulipia. Aliporudi kaskazini, hakufika. Tarehe 3 mwezi wa kumi alikutwa Baltimore amechanganyikiwa, amevaa nguo ambazo zilionekana si zake. Alipelekwa hospitali, akafariki siku nne baadaye. Mpaka leo hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni nini kilichomwua.

Mateso hayakuishia kaburini. Rufus Griswold, mtu aliyekuwa na uhasama naye, aliandika habari za kifo chake kwa jina la kujificha, akamchafua. Kisha mtu huyohuyo akapata haki ya kusimamia kazi za marehemu. Kuanzia mwaka 1850 alitoa kazi hizo katika vitabu vilivyouzwa miaka mingi. Shangazi Maria Clemm, aliyempikia na kumfulia Poe tangu Baltimore, hakupewa pesa ya mauzo. Alipewa nakala za vitabu, aende kuziuza mwenyewe.

Mwaka 1856 Baudelaire alitoa Histoires extraordinaires huko Paris, na Ulaya nzima ikamjua Poe. Tangu mwaka 1946, waandishi wa hadithi za upelelezi wa Marekani wanatoa kila mwaka zawadi inayoitwa Edgar, kwa heshima yake.

Kwetu Kongo, sheria ya haki ya mwandishi ipo tangu mwaka 1986. Lakini kijana wa Goma, Bukavu au Lubumbashi anayeandika hadithi ya upelelezi na kuirusha sura kwa sura katika simu anaweza kujiona katika maisha haya. Hadithi inaweza kufika kwa watu elfu kwa siku moja, bila mtu kujua nani aliiandika. Poe alielewa mapema kwamba kupendwa na wasomaji ni jambo moja, na kushika mlango ambamo pesa yao inapitia ni jambo lingine. Alitafuta ufunguo wa mlango huo miaka tisa, na alikuwa bado njiani kuutafuta kifo kilipomkuta.