Abu Hurayra (r.a.), mtu wa kibarazani

Sisi wa masomo ya Kiislamu tunamjua kwa namba. 5374: hiyo ndiyo idadi ya Hadithi zake katika hesabu inayotokana na Musnad ya Baqi bin Makhlad, na kila mwaka hakosekani wa kuikosea kwenye mtihani. Namba imekuwa kubwa hata imemficha mwenyewe. Kabla ya kuwa mpokezi wa Hadithi nyingi kuliko Masahaba wote, Abu Hurayra (r.a.) alikuwa mtu asiye na makazi. Alilala msikitini, na kuna siku alianguka kwa njaa watu wakadhani ana wazimu.

Alitoka kabila la Daus, upande wa Yemen, na alikua yatima. Ujanani alimtumikia mwanamke aitwaye Busra bint Ghazwan kwa ujira wa chakula cha tumbo lake tu: wakisafiri yeye huongoza ngamia, wakitua yeye huhudumia. Jina tunalomwitia lilitokana na kapaka aliyekuwa akicheza naye alipokuwa mchungaji. Kuhusu jina lake la asili wanavyuoni wamehitilafiana sana, na lililo mashuhuri ni Abdurrahman bin Sakhr. Alifika Madina mwaka wa 7 Hijria (628), Mtume (s.a.w.) akiwa Khaybar. Mjini hakuwa na ukoo, shamba wala biashara. Akaenda walikokwenda wote wa namna yake, kwenye Suffa.

Suffa kilikuwa kibaraza. Kibla kilipogeuzwa kuelekea Makka mwaka wa 2 Hijria, upande wa kaskazini wa msikiti, uliokuwa mbele, ukawa nyuma, na paa lake likabaki. Chini ya paa hilo wakakaa wageni na mafukara wasio na jamaa wa kuwapokea. Abu Hurayra alisimulia kwamba aliwaona 70 miongoni mwao ambao hakuna aliyekuwa na shuka ya juu. Kila mmoja ana nguo moja tu, ama kaifunga kiunoni, ama kaifunga shingoni ikamfika nusu ya miundi au vifundoni, naye huikusanya kwa mkono ili uchi usionekane. Naomba msomaji aishike habari hii ya nguo moja, tutairudia.

Walilishwaje? Kwa utaratibu. Mwenye chakula cha watu wawili aliambiwa aondoke na wa tatu. Usiku mmoja Abu Bakr (r.a.) aliondoka na watatu, Mtume (s.a.w.) akaondoka na kumi. Wenye mitende walitundika vishada vya tende msikitini, na baadhi yao walipotundika tende mbovu ikateremka aya ya 267 ya Suratul Baqara kuwakemea. Na Bi Fatima (r.a.), mikono imechubuka kwa kusaga, alipokwenda kuomba mtumishi, katika riwaya moja baba yake hakumpa kwa kuwa watu wa Suffa matumbo yao yalikuwa yamekunjamana kwa njaa. Binti wa Mtume alisubiri nyuma ya mafukara.

Hata hivyo njaa ilikuwepo. Abu Hurayra alifunga jiwe tumboni. Alikuwa akikaa njiani, akipita mtu mkubwa humuuliza maana ya aya ambayo yeye mwenyewe anaijua vizuri, akitumaini kukaribishwa nyumbani. Abu Bakr alimjibu akapita. Umar (r.a.) naye alimjibu akapita. Aliyemchukua mara nyingi ni Ja'far bin Abi Talib (r.a.), na nyumbani kukiwa hakuna kitu hutoa kiriba kitupu cha samli, wakakipasua na kuramba kilichobaki. Siku ya bakuli la maziwa Mtume (s.a.w.) alimtuma awaite watu wote wa Suffa, naye akanung'unika moyoni kwamba bakuli moja halitamfikia. Akawanywesha mmoja mmoja mpaka wa mwisho, kisha akaambiwa anywe yeye, na anywe tena, na tena, mpaka akaapa kwamba hana pa kuyapitisha. Mtume (s.a.w.) akanywa mwisho wa wote.

Lakini kisa kinachonirudia zaidi ni kifupi kuliko hicho. Siku moja alikutana na Mtume (s.a.w.) katika njia ya Madina naye ana janaba. Akaona haya, akajipenyeza akatoweka, akaenda kuoga, ndipo akarudi. Alipoulizwa alikuwa wapi, akaeleza kwamba hakupenda kukaa naye akiwa hana tohara. Mtume (s.a.w.) akashangaa, akamfahamisha kuwa Muumini hanajisiki. Katika vitabu vya fiqhi kisa hiki kiko mlango wa tohara. Mimi nakisoma pia kama habari ya mtu aliyekimbia watu kwa sababu ya hali ya mwili wake, akaambiwa hakupaswa kukimbia.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo nililoliona hapa Bujumbura. Katika msikiti mmoja, kabla ya Adhuhuri, kijana mmoja wa hawa tunaowaita mayibobo alikuwa kwenye mabomba ya udhu ananawa kichwa na kifua. Mhudumu akamfukuza kwa maneno makali: ananuka, anachafua mahali pa ibada. Kijana akaondoka kuelekea mto Ntahangwa. Mimi nilikuwa nimekaa natawadha. Sikusema kitu.

Kunuka si jambo jipya msikitini. Bi Aisha na Ibn Abbas (r.a.) wamesimulia kwamba Ijumaa watu walikuja kutoka kazini na vijijini, wamevaa sufi, wana vumbi na jasho, msikiti mwembamba na paa la chini, harufu ikawaudhi wenzao. Jibu lilikuwa waoge. Hawakuambiwa wasije. Na Abu Hurayra huyuhuyu ndiye mpokezi wa Hadithi kwamba ni haki juu ya kila Muislamu kuoga walau siku moja katika saba, aoshe kichwa na mwili. Ndiye aliyepokea pia mfano wa mto mlangoni ambao mtu huoga humo mara tano kwa siku. Najua kuna wenzangu watanikumbusha Hadithi ya kitunguu saumu, ambapo mlaji aliambiwa ajitenge na msikiti. Ni sahihi. Ila mla kitunguu amekichagua mwenyewe, na anakwenda kukaa nyumbani kwake. Huyu wa Ntahangwa nyumba yake iko wapi?

Kwa hiyo pendekezo ambalo baadhi yetu tutalipeleka kwenye mkutano wa jumuiya ni hili: pembeni mwa msikiti mmoja wa mjini pajengwe vyumba vya kuogea na vyoo, vya wanaume mbali na vya wanawake, pawe na sabuni na karo za kufulia, na pawe na kibaraza. Wapo waliouliza kibaraza cha nini, si mtu aoge aende zake? Rudini kwa wale 70. Mwenye nguo moja hawezi kuifua kama hana pa kukaa amejifunga shuka ya kuazima mpaka ikauke. Ukimpa maji bila mahali pa kukaa, atavaa tena uchafu uleule juu ya mwili safi. Na akishakaa, atasikia darsa, au atalala, vyote vilifanyika Suffa. Gharama ni kubwa, sikatai. Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake akakiacha kwa Waislamu, na hata leo wapo wenye uwezo hapa wanaotafuta wakfu wa kuweka.

Maisha yake ya baadaye nayapitia haraka. Umar alimpa utawala wa Bahrain, akarudi na mali, Umar akamhoji akaichukua, na alipotaka kumrudisha kazini Abu Hurayra alikataa. Alimwoa Busra bint Ghazwan, yuleyule ambaye yeye alikuwa mtumishi wake. Alipokaimu utawala wa Madina alipita sokoni amebeba mzigo wa kuni mgongoni, akiomba apishwe njia amiri. Wanafunzi walimjia kwa mamia. Alifariki kati ya mwaka wa 57 na 59 Hijria, akazikwa Baqi'.

Muhammad bin Sirin alikuwa naye siku moja, amevaa nguo mbili za kitani zilizotiwa rangi. Abu Hurayra akafuta kamasi kwa moja yake, kisha akajistaajabia kwamba leo anafutia kitani. Akaanza kuhadithia jinsi alivyokuwa akianguka amezimia kati ya mimbari na chumba cha Bi Aisha, na mpita njia akaja akamwekea mguu shingoni akidhani ni mwendawazimu. Hakuwa na wazimu wowote. Ilikuwa njaa tu.