Charles Dickens, Mtunzi wa Hadithi za Kila Mwezi

Wengi wenu mmesikia habari za Alfu Lela Ulela, jinsi yule mke wa mfalme alivyosimulia hadithi usiku, akaikatiza alfajiri mahali palipokuwa patamu, ili mfalme amwache hai hata usiku wa pili. Charles Dickens alizisoma hadithi hizo alipokuwa mtoto kwao Uingereza, akazipenda mno. Naye alipokuwa mtu mzima alishika kazi iliyofanana na ya mwanamke yule. Lakini wasikilizaji wake hawakuwa mfalme mmoja, walikuwa maelfu ya watu. Wala hawakungoja usiku mmoja, walingoja mwezi mzima.

Alizaliwa tarehe 7 Februari 1812 huko Portsmouth, mji wa manowari katika pwani ya kusini ya Uingereza. Baba yake, John Dickens, alikuwa karani katika ofisi iliyolipa mishahara ya wanamaji. Alikuwa mtu mkunjufu, mwenye maneno mengi, lakini fedha hazikukaa mkononi mwake. Mwaka 1824, wakiwa London, alishindwa kulipa deni la pauni 40 na kitu, akatiwa katika gereza la wadeni lililoitwa Marshalsea, kwa kuwa siku zile mdeni aliweza kufungwa mpaka alipe. Mama na watoto wadogo wakahamia humo gerezani pamoja naye. Charles, ambaye umri wake ulikuwa miaka 12 tu, alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu kando ya mto Thames. Kutwa nzima alifunika vikopo vya rangi kwa karatasi, akavifunga kwa uzi, akabandika juu yake jina la kiwanda. Mshahara wake ulikuwa shilingi 6 kwa juma. Nyumba ile ilikuwa mbovu, imejaa panya, na yule mtoto aliona ya kuwa tumaini lake lote la kupata elimu limekufa.

Jambo moja la siku hizo lastahili kuangaliwa. Miaka mingi baadaye alipoziandika habari zake, hakuweza kusema alikaa kiwandani muda gani: kama ulikuwa mwaka mmoja, au zaidi, au pungufu. Taabu ile haikuwa na kalenda moyoni mwake. Mtu huyu aliyesahau hesabu ya miezi yake mwenyewe, baadaye aliishi kwa kuhesabu miezi, hata siku ya kufa kwake.

Baba yake alipotoka gerezani, Charles alirudi shuleni kwa muda. Kisha akawa karani wa mwanasheria, akajifunza kuandika kwa alama za mkato, akawa mwandishi wa magazeti aliyeandika maneno ya wakuu katika Bunge. Hapo akaanza kutunga vijihabari vya watu wa London.

Mwanzoni mwa mwaka 1836 wachapaji Chapman na Hall walimwomba aandike maneno ya kufuatana na picha za mchoraji mmoja. Kazi hiyo ingetolewa vipande vipande, kila mwisho wa mwezi kijitabu kimoja chenye jalada la kijani, bei yake shilingi moja. Mchoraji yule akafa kabla ya kijitabu cha pili kutoka, na Dickens, kijana wa miaka 24, akaishika kazi yote mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyoanza hadithi ya Bwana Pickwick na rafiki zake. Kijitabu cha kwanza kilichapwa nakala 1,000, na hazikununuliwa upesi. Lakini alipoingia katika hadithi mtumishi mmoja mcheshi, jina lake Sam Weller, watu wakaanza kukitafuta, hata vijitabu vya mwisho vilichapwa nakala 40,000. Wasiojua kusoma walikusanyika wakasomewa.

Sasa fikirini habari ya wakati katika hadithi ya namna hii. Katika kitabu kizima, mtunzi akisema miaka 10 ilipita, msomaji hufunua ukurasa tu, na miaka 10 imekwisha. Lakini msomaji wa vijitabu hawezi kufunua ukurasa usiochapwa. Mtu wa hadithini ameachwa mlangoni, mkono wake umeshika komeo. Huku nje mwezi waandama na kukua na kufifia, watu walima, waoa, wazika wafu wao, na yule mtu bado amesimama pale pale. Dickens alilitambua jambo hili, akaamua kuzitembeza siku za hadithi bega kwa bega na siku za wasomaji. Bwana Pickwick alianza safari zake mwezi Mei wa mwaka 1827, yaani miaka tisa nyuma ya wasomaji; lakini majira yake yalikuwa majira yao. Marafiki wale walikwenda kuwinda ndege mwezi wa Septemba, na habari hiyo ilitoka mwisho wa Septemba. Walisherehekea Krismasi kwa ngoma na vyakula katika kijitabu kilichotoka mwisho wa Desemba, watu wangali na sikukuu nyumbani mwao. Kesi ya Bwana Pickwick ilisikizwa mahakamani tarehe 14 Februari, na wasomaji wakaipata mwisho wa Februari. Ikawa kama kwamba Bwana Pickwick ni jirani yao anayeishi mtaa wa pili.

Hesabu ya miaka lakini haikumshughulisha sana. Mtu mmoja katika hadithi hiyo ya mwaka 1827 ajisifu kwamba alikuwapo katika mapinduzi ya Ufaransa ya Julai 1830! Walipomwonyesha, Dickens hakulifuta kosa. Aliongeza maneno ya mzaha tu chini ya ukurasa. Nadhani alifanya vema, maana msomaji husamehe mwaka uliokosewa upesi kuliko baridi iliyowekwa katikati ya kiangazi.

Lakini kufuatana na kalenda kulikuwa na uchungu wake. Tangu Februari 1837 aliandika hadithi mbili kwa mara moja, kwa kuwa ile ya Oliver Twist ilianza kabla Pickwick haijaisha. Tarehe 7 Mei 1837, shemeji yake Mary Hogarth, msichana wa miaka 17 aliyempenda sana, alikufa ghafula nyumbani mwake. Dickens akashindwa kuandika. Mwisho wa Mei ukafika, na kijitabu hakikutoka. Uvumi ukaenea mjini: wengine walisema mtunzi amekufa, wengine amefungwa. Ikambidi awaeleze wasomaji sababu katika kijitabu kilichofuata. Huzuni ya kweli ilikuwa imesimamisha saa ya hadithi.

Nao wasomaji, kwa kuwa walipata nafasi ya kungoja, walipata nafasi ya kusema. Mwaka 1840 alipokuwa akitoa kila juma hadithi ya Nell, binti mdogo aliyetangatanga pamoja na babu yake, watu waliona ya kuwa mtoto yule anadhoofika, wakamwandikia barua kumsihi asimwue. Hakuwakubalia, Nell alikufa Januari 1841, na mtunzi mwenyewe aliumia alipokuwa akiandika. Mara nyingine alisikia maombi. Katika hadithi ya David Copperfield aliweka mwanamke mmoja mfupi sana, mwenye tabia mbaya. Mwanamke wa kweli, aliyejiona amechorwa pale, akamwandikia kwa machozi. Dickens akaona haya, na miezi michache baadaye mwanamke yule wa hadithini alirudi akiwa mtu mwema.

Hadithi hiyo ya David Copperfield, iliyotoka tangu Mei 1849 hata Novemba 1850, ndimo alimoificha taabu ya kiwanda cha rangi. Maisha ya mtu tangu kuzaliwa kwake yalipita katika miezi 19. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja, alipokuwa Broadstairs kando ya bahari, aliingia dukani kununua karatasi. Akamkuta mama mmoja akiuliza kijitabu kipya cha Copperfield. Mwenye duka akampa kilichokuwapo. Yule mama akasema amekwisha kukisoma, anataka kinachofuata. Akaahidiwa atakipata mwisho wa mwezi. Hakuna aliyemtambua Dickens pale. Naye alijua ya kuwa kijitabu kile hakijaandikwa hata neno moja, na karatasi ya kukiandikia ndiyo hiyo aliyoijia dukani. Alisema ndiyo mara ya pekee maishani aliyoshikwa na hofu.

Tarehe 9 Juni 1865 gari la moshi alilopanda lilianguka kwenye daraja karibu na Staplehurst, watu 10 wakafa. Behewa lake lilining'inia. Alitoka, akawahudumia majeruhi kwa saa nyingi, akiwapa maji aliyoyachota katika kofia yake. Kisha akakumbuka ya kuwa sehemu ya hadithi ya mwezi ule imebaki katika koti lake mle ndani, akapanda tena kuitoa. Tangu siku hiyo hakuwa na afya kamili.

Mwezi wa Aprili 1870 alianza hadithi nyingine, ya kijana Edwin Drood aliyepotea usiku wa Krismasi. Ilipangwa kuwa na sehemu 12. Tarehe 8 Juni aliandika kutwa katika kijumba bustanini mwake, Gad's Hill; jioni, wakati wa chakula, akaanguka, wala hakupata fahamu tena. Alikufa kesho yake, tarehe 9 Juni 1870, miaka mitano kamili baada ya ajali ile, umri wake miaka 58. Akazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey.

Sehemu tatu za hadithi zilikuwa zimekwisha kutoka. Nyingine tatu zilitolewa mmoja mmoja, Julai, Agosti na Septemba, kwa tarehe zake zile zile kama kwamba yu hai. Jalada lilikuwa limechorwa mapema kwa sehemu zote 12. Hivyo wasomaji walishika mikononi picha za mambo ambayo hayakuandikwa, na maana ya picha hizo yabishaniwa hata leo.