Gianni Rodari: Mwandishi aliyeingia darasani kusikiliza

HEBU fikiria siku ambayo mwandishi maarufu anatembelea shule yenu. Mnapangwa gwarideni, mnamwimbia, anahutubu kwamba msome kwa bidii, anapigwa picha na mwalimu mkuu, anaondoka. Kesho yake hamkumbuki alichosema.

Gianni Rodari, mwandishi wa watoto kutoka Italia, hakuwa mgeni wa aina hiyo. Yeye aliingia darasani na stori ambayo haijaisha, akawaachia wanafunzi waipasue, waikosoe na waijenge upya.

Rodari alizaliwa Oktoba 23, 1920 katika mji wa Omegna, kando ya Ziwa Orta kaskazini mwa Italia. Babake alikuwa mwokaji mikate. Siku moja mvua ikinyesha vibaya, mzee alitoka nje kumwokoa paka aliyekwama katikati ya madimbwi. Alirudi amelowa chapachapa. Wiki moja baadaye alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa mapafu, enzi ambazo dawa ya penisilini haikuwa imefika hospitalini. Gianni alikuwa na miaka tisa. Mama aliwachukua watoto wakahamia Gavirate, mji alikozaliwa yeye.

Akiwa na miaka 17 tu, kijana huyo alikuwa amehitimu ualimu. Moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuwafunza Kiitaliano watoto wa familia ya Wayahudi waliokuwa wametoroka Ujerumani ya Hitler, wakidhani Italia wangekuwa salama. Kumbe wapi! Baadaye alifunza katika shule za msingi. Mwenyewe alikiri kwamba hakuwa mwalimu hodari, ila alitumaini watoto hawakuchoshwa naye. Darasani alipenda kubuni stori za kuchekesha, na mbinu za kuzibuni alianza kuziandika kwenye daftari.

Kisha vita vikaja. Marafiki zake wawili wa karibu walifariki, na kakake akafungwa katika kambi ya Wajerumani. Mwaka 1944 Rodari alijiunga na Chama cha Kikomunisti na harakati za kupinga utawala wa kifashisti. Vita vilipoisha akawa mwanahabari, na katika gazeti la chama, L'Unità, akaanza kuandika mashairi ya watoto. Haukuwa mpango wake, lakini mambo yalishika.

Mwaka 1950 alihamia Roma kuongoza gazeti la watoto, Pioniere. Mwaka uliofuata alichapisha hadithi ya Cipollino, mvulana kitunguu ambaye babake anatupwa jela na Mwanamfalme Limau. Kwa sababu ya siasa zake, viongozi wa Kanisa Katoliki walilipiga vita gazeti lake. Hivyo, wakati Cipollino alikuwa staa Urusi, kwao Italia mwandishi huyo alijulikana hasa miongoni mwa watu wa chama chake. Mambo yalibadilika kuanzia 1960, alipoanza kuchapishwa na kampuni kubwa ya Einaudi. Mwaka 1962 kikatoka kitabu chake kuhusu baba mchuuzi anayesafiri kila wiki na kumpigia bintiye simu kila usiku kumsimulia hadithi. Zote ni fupi, maana simu zilikuwa ghali!

Hapo ndipo ziara za shuleni zikanoga.

Pembezoni mwa Roma kuna mtaa wa wafanyakazi uitwao Trullo. Rodari alifika katika shule ya msingi ya hapo akiwa na wazo la hadithi. Je, alikuja kuuza vitabu? Zii. Alisimulia, wanafunzi wakasema panapowachosha na pasipoingia akilini, naye akarekebisha. Hadithi yenyewe ni hii: kitu kikubwa ajabu kinaonekana angani na kutua Trullo. Wakubwa wanaingiwa na hofu, jeshi linaletwa. Watoto wawili, Paolo na Rita, wanajipenyeza na kugundua kwamba ni keki tupu, iliyotokana na jaribio la nyuklia lililoenda mrama. Kilipochapishwa mwaka 1966, kikiwa na michoro ya Bruno Munari, dunia nzima ilikuwa ikiogopa bomu la nyuklia. Watoto wa mtaa ambao haukuhesabiwa kuwa kitu walijiona kitabuni, wakiwa ndio wenye akili kuliko majenerali.

Baada ya hapo, kati ya 1966 na 1969, hakutoa kitabu kipya. Muda wake mwingi aliutumia na watoto katika shule mbalimbali.

Mchezo wake uliojulikana zaidi ulihitaji ubao tu. Mtoto mmoja anaandika neno upande mmoja, mwingine anaandika upande wa pili bila kuchungulia. Tuseme limetokea neno mbwa, na la pili kabati. Sasa semeni: huyo mbwa anafanya nini na kabati? Amelibeba mgongoni? Anaishi ndani? Ghafla darasa zima linataka kuongea, hata yule wa nyuma anayejificha akiulizwa swali.

Hata makosa hayakumtisha. Mwalimu anapoona tahajia mbovu, hutoa kalamu nyekundu. Rodari aliona mwanzo wa hadithi, na mwaka 1964 alitoa kitabu kizima kilichojengwa juu ya makosa ya kuandika.

Mwaka 1970 alishinda Tuzo ya Hans Christian Andersen, tuzo kubwa zaidi duniani kwa waandishi wa watoto, akiwa Mwitaliano wa kwanza kuipata. Machi 1972 alikutana kwa siku kadhaa na walimu wa mji wa Reggio Emilia, akawafichulia siri za lile daftari la ujana wake. Mazungumzo hayo yalizaa kitabu chake kuhusu sarufi ya ubunifu, kilichotoka 1973 na ambacho walimu wa nchi nyingi wanakitumia hadi leo. Ndani yake anashikilia kwamba ubunifu si mali ya wasanii wachache, bali ni haki ya kila mtu, maana anayeweza kuwaza dunia tofauti si rahisi kumfanya mtumwa.

Rodari alifariki Aprili 14, 1980 jijini Roma baada ya kufanyiwa upasuaji. Alikuwa na miaka 59.

Kwa hivyo mwandishi akija shuleni kwenu, usiombe selfi pekee. Mpe maneno mawili yasiyohusiana, uone atafanya nini. Halafu umwonyeshe utakachofanya wewe.