James Jamerson: Mpiga besi aliyesikika dunia nzima bila kutajwa jina

Kipindi cha nyimbo za zamani za Marekani hakimaliziki bila James Jamerson kusikika. Nimezipiga nyimbo hizo hewani kwa miaka kadhaa sasa. Nimewataja The Temptations, nimemtaja Marvin Gaye, nimemtaja Stevie Wonder. Jamerson sikuwahi kumtaja, maana jina lake halikuandikwa kwenye majalada ya santuri nyingi alizopiga. Makala haya ni ya kulipa deni hilo.

Kutoka kisiwani hadi Detroit

Jamerson alizaliwa tarehe 29 Januari 1936 katika kisiwa cha Edisto, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Mwaka 1954 alihamia Detroit, mji wa viwanda vya magari, ambako mama yake alikuwa ametangulia kutafuta maisha. Akiwa shule ya sekondari alijifunza besi kubwa ya mbao, ile inayosimamishwa wima na kumzidi mpigaji kimo. Haukupita muda akawa anapiga jazz na blues kwenye klabu za usiku za mji huo.

Mwaka 1959 Berry Gordy alianzisha Detroit kampuni ya muziki iliyokuja kujulikana kama Motown. Studio yake ilikuwa katika nyumba ya kawaida kwenye barabara ya West Grand Boulevard. Jamerson aliajiriwa kupiga humo pamoja na wanamuziki wengine waliojiita The Funk Brothers. Waimbaji walibadilika wimbo hadi wimbo, lakini kundi la wapigaji lilibaki karibu lile lile.

Gitaa la kiwandani

Wakati huo gitaa la besi la umeme lilikuwa chombo kipya. Leo Fender wa California alilitoa mwaka 1951 kwa jina la Precision. Lilibebeka kwa urahisi, lilisikika vizuri kwenye ukumbi wenye kelele, na vyuma vidogo vilivyopachikwa shingoni mwake vilimsaidia mpigaji kupata sauti sahihi bila kubahatisha. Jamerson alihamia kwenye chombo hicho mwanzoni mwa miaka ya 1960. Precision aliyokuwa akiitumia mwanzo iliibwa, akapata nyingine ya mwaka 1962. Hiyo ndiyo iliyopewa jina la Funk Machine.

Leo wapenzi wa besi wenye uwezo huagiza magitaa yanayotengenezwa kwa mkono na mafundi wachache, kama wale wa Alembic huko California au Fodera huko New York. Mteja huchagua aina ya mbao, idadi ya nyuzi na mfumo wa umeme wa ndani, kisha husubiri miezi. Gitaa moja hugharimu maelfu ya dola. Ni vyombo vizuri, na anayeweza kukimiliki kimoja ana haki ya kukionea fahari.

Funk Machine haikuwa na lolote kati ya hayo. Ilikuwa ni gitaa lililotoka kiwandani kama mengine yote. Jamerson aliifunga nyuzi nene za La Bella na hakuzibadilisha isipokuwa uzi ulipokatika. Nyuzi zilikuwa juu sana kutoka shingoni, kiasi kwamba wapigaji wengine walishindwa kuzikandamiza. Karibu na mahali nyuzi zinapoishia kulikuwa na kipande cha sponji cha kuzima mvumo. Kwa mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu, cha shahada.

Kwa kidole hicho alibadilisha kazi ya besi. Kabla yake, mpiga besi wa muziki wa kizazi kipya alirudia noti mbili tatu ili mwimbaji asipotee. Jamerson aliifanya besi iimbe wimbo wake wa pili chini ya ule wa mwimbaji, na mdundo usiyumbe hata kidogo. Sikiliza Reach Out I'll Be There ya Four Tops ya mwaka 1966, au For Once in My Life ya Stevie Wonder. Besi haitulii mahali pamoja, lakini hakuna inapomkanyaga mwimbaji.

Jina kwenye jalada

Nyimbo zaidi ya 20 alizopiga zilifika namba moja Marekani. Hata hivyo, wapigaji wa studio walilipwa kwa kazi ya kurekodi, si kwa mauzo ya santuri, na Motown haikuwa ikiandika majina yao. Jina la Jamerson lilionekana mwaka 1971, Marvin Gaye alipotoa albamu ya What's Going On na kuwataja wapigaji kwenye jalada lake.

Mwaka 1972 Motown ilihamia Los Angeles. Jamerson aliifuata, lakini mambo hayakumnyookea. Mtindo ulikuwa umebadilika: watayarishaji walitaka besi yenye sauti kali na nyuzi mpya, naye hakutaka kuacha sauti yake. Pombe, iliyokuwa imemsumbua tangu Detroit, ilizidi kumdhoofisha. Simu za kazi zikapungua.

Mwezi Machi 1983 Motown iliadhimisha miaka 25 kwa tamasha kubwa la televisheni, lile ambalo Michael Jackson alionyesha mtindo wake wa kuteleza kinyumenyume. Jamerson hakuwa jukwaani. Aliingia kwa tiketi, akakaa na watazamaji. Miezi michache baadaye Funk Machine iliibwa nyumbani kwake, na haijapatikana hadi leo. Tarehe 2 Agosti 1983 alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 47.

Heshima ilikuja baadaye. Mwaka 1989 kilitoka kitabu kuhusu maisha na upigaji wake. Mwaka 2000 aliingizwa katika jumba la kumbukumbu la Rock and Roll Hall of Fame, na mwaka 2002 ikatoka filamu kuhusu The Funk Brothers. Leo La Bella huuza nyuzi zenye jina lake, na kuna wanaozifunga kwenye magitaa ya bei kubwa wakiitafuta sauti ile ya gitaa la kiwandani.

Ukisikia My Girl ya The Temptations redioni kwetu, usisubiri sauti ya mwimbaji. Wimbo unaanza na besi peke yake, kabla hata gitaa la solo halijaingia. Huyo ndiye James Jamerson, na safari hii nitamtaja.